Kosa la The Hive

Msimu wa 2014 klabu ya raga ya ligi ya London Broncos iliondoka The Stoop, Twickenham, ikahamia The Hive, Canons Park. Uamuzi ule ulikuwa mbovu kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Wengi wanakumbuka msimu wenyewe, ushindi mmoja katika mechi 27, na bado wanalaumu kikosi. Mimi nalaumu uwanja.

Wanaocheza raga ya ligi mitaani wako wapi? Croydon, Greenwich, Elmbridge, Medway: wengi wako kusini. Chipukizi wa miaka kumi haji mechini peke yake. Huja na mzazi, mzazi hulipa kiingilio, na akizoea hukata tiketi ya msimu. Hivyo ndivyo mchezaji wa mtaani anavyozaa shabiki wa kulipa, na hakuna njia ya mkato. Lakini tangu ligi ya Southern Conference ianze mwaka 1997, vilabu vya mtaani vya kusini navyo hucheza kiangazi, kwa hiyo familia hiyo hiyo ina mechi ya mtoto na mechi ya Broncos wikendi moja. Ukipeleka uwanja ukingoni kaskazini-magharibi, unamtaka mzazi wa Croydon avuke jiji zima na watoto waliochoka. Atakuja mara moja, basi. Nimeambiwa mara nyingi kwamba klabu ilikuwa na dhiki, na kweli mwishoni mwa 2013 ilinusurika kufa. Lakini mwenye dhiki ndiye asiyepaswa kuwakimbia wateja wake.

Vipaji navyo havikukosekana. Akademia ya Broncos ilifanya kazi safi: Tony Clubb wa Gravesend, baadaye Kai Pearce-Paul wa Croydon. Wote wawili walikwenda kuwajazia Wigan uwanja.

Na majina ya klabu je? Fulham, Crusaders, Broncos, Harlequins, kisha Broncos tena 2012. Baba anamfundisha mwanawe kuimba jina lipi? Nalisema hili kila mwaka na nitaendelea kulisema. IMG nao, kampuni iliyoleta mfumo wa kupanga vilabu kwa alama, katika alama zao 20 kipengele cha jamii walikitengea 2.5 tu, na Oktoba 2023 wakawaweka Broncos nafasi ya 24 siku chache baada ya vijana wale kushinda fainali ya Championship kule Toulouse.

Kocha Reg Bowden na Fulham yake walianza Septemba 1980 bila msingi wa vilabu vya watoto tulio nao leo. Watu 9,554 wakaja Craven Cottage kuona Wigan ikipigwa 24-5, kwa sababu uwanja ulikuwa pale watu walipo, wanatoka stesheni kwa miguu. Hata kikosi cha Broncos cha 1997 kilichoifunga Canberra ya Australia 38-18 kilikuwa The Stoop.

Kuhamia Plough Lane, Wimbledon, mwaka 2022 kulikuwa sahihi. Sasa mechi za watoto zichezwe pale pale kabla ya mechi kubwa, tiketi za wazazi ziuzwe na klabu ya mtoto, na sehemu ya fedha ibaki kwa klabu hiyo. Tramu ya Croydon inaishia Wimbledon.