Kibaba cha tele na kibaba cha mfuto

Wapo wanaokiona kibaba kuwa kipimo cha kubahatisha, cha watu waliokosa mizani. Hesabu yake haikuwa legelege: vibaba 2 ni kisaga, visaga 2 ni pishi, pishi 60 ni jizla. Uhodari wa kipimo hiki cha pwani, hata hivyo, naona umo zaidi katika kujaza kuliko katika hesabu. Kibaba cha mfuto kilifutwa juu, nafaka ikalingana na ukingo. Cha tele kilirundikwa mpaka punje zikaanza kuporomoka. Rundo hilo halikutegemea ukarimu wa muuzaji peke yake. Mchele mkavu ukimiminwa taratibu huinuka kama pia, ukifika mwinamo wake haupandi tena, kinachozidi humwagika. Kwa chombo kilekile na nafaka ileile, tele ya leo hukaribiana sana na tele ya jana, na macho ya mnunuzi yanatosha kuishuhudia.

Pingamizi zito ni la mdomo wa chombo. Mdomo ukitanuka mara 2, rundo huongezeka mara 8, hata kama vyombo vyote viwili vikifutwa hulingana. Mfanyabiashara mjanja angeweza kununua tele kwa chombo kipana na kuuza tele kwa chembamba, na hapo kibaba hakina utetezi, ila kurudi kwenye mfuto. Pingamizi la pili, kwamba ujazo si uzito, ni kweli lakini halina makali hayo. Zaka ya fitri mpaka leo ni pishi moja ya chakula, na wanaoigeuza kuwa kilo hutaja 2.5 wengine 3, kwa sababu mchele na tende havilingani uzito. Anayepika kwa chungu kilekile kila siku hakupungukiwa na kitu kwa kupimiwa ujazo.

Kilo haikuliondoa rundo. Lilihamia kwenye gunia. Lumbesa ni tele isiyo na ukomo, maana viazi hushonewa wavu juu ya mdomo wa gunia visiporomoke, kisha mkulima hulipwa gunia moja. Tanzania imeipiga marufuku, na ni haki kabisa. Ila marufuku hiyo itaendelea kukwepwa maadamu bei shambani inatajwa kwa gunia, wakati mizani inamsubiri mlanguzi mjini.