Mpagazi na Shajara: Usimulizi katika The Snow Leopard

Mwaka 1973 Peter Matthiessen aliandamana na George Schaller, mtaalamu wa wanyama, hadi Dolpo, kaskazini mwa Nepal. Schaller alikwenda kuwachunguza bharal, wanyama wa milimani wanaokaribiana na mbuzi na kondoo. Matthiessen alikuwa amefiwa na mkewe mwaka uliotangulia. The Snow Leopard (1978) imejengwa kwa fani ya shajara, na fani hiyo ndiyo inayoiokoa: msimulizi hamwoni chui anayemtafuta, na tarehe zinasonga bila ya kumngoja.

Kasoro iko kwingine. Wanakijiji wa Dolpo, wenye lugha na dini ya Kitibeti, mara nyingi hubakia sehemu ya mandhari. Tukten, mpagazi, ndiye anayekaribia kuwa mhusika kamili, lakini naye anatazamwa kama fumbo. Safari yake mwenyewe haisimuliwi. Hapa msomaji wa Kiswahili anacho kipimo. Salim bin Abakari, aliyekwenda Urusi na Siberia mwaka 1896 akiwa mtumishi wa Mjerumani, aliisimulia safari hiyo kwa Kiswahili, ikachapishwa katika Safari za Wasuaheli (1901). Humo mtumishi ndiye anayetazama.