Usimulizi Kama Tiba ya Kiwewe Katika Chozi la Heri

Watahiniwa wengi waulizwapo jinsi Umulkheri anavyopona katika riwaya ya Assumpta Matei, hutaja jambo moja tu: kupangwa na Mwangeka na Apondi. Jibu hilo si kosa, ila halijakamilika. Kabla ya kuwakubali wazazi wapya, sharti mtoto aliyesalitiwa ajifunze upya kumwamini binadamu.

Tuanze na jeraha lenyewe. Mamake Umu, Naomi, anaiacha familia baada ya mumewe, Lunga, kupoteza kazi na kuhamishwa kutoka Msitu wa Mamba. Lunga anafariki. Kisha Sauna, kijakazi waliyemwamini, anawaiba Dick na Mwaliko. Kwa hivyo, Umu hakupoteza jamaa tu. Alipoteza pia imani.

Je, anatibiwa vipi? Mwandishi hamketishi mbele ya mtaalamu wa ushauri nasaha. Anamweka shuleni miongoni mwa Kairu, Mwanaheri, Zohali na Chandachema, ambao wanasimuliana yaliyowasibu. Mwanaheri, kwa mfano, aliachwa na mamake, Subira, kama Umu alivyoachwa na Naomi. Kwa kuyasikia haya, Umu anatambua kwamba msiba wake si aibu ya kipekee. Msikilizaji asiyecheka wala kuhukumu ndiye tiba ya kwanza.

Ili kuithibitisha hoja hii, mlinganishe Umu na Sauna. Sauna pia aliumizwa utotoni: Maya, babake wa kambo, alimnajisi. Badala ya kusikilizwa, alitakiwa na mamake kuificha siri hiyo. Ni huyu aliyenyamazishwa ambaye baadaye anawaiba watoto wa wenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kilio kilichofichwa kinazaa vilio vya wengine. Hatumtakasi Sauna, tunaonyesha chanzo.

Hata hivyo, mtahiniwa asitie chumvi. Masimulizi hayamponyi Umu kwa siku moja. Upendo wa Apondi na Mwangeka unaendeleza kazi hiyo, na furaha inakamilika anapoungana tena na nduguze.

Nasi walimu tusifunze sehemu hii kwa ajili ya alama pekee. Huenda Umu ameketi dawati la nyuma, mwili darasani, mawazo mbali. Kabla ya kumkemea kwa kutosikiliza, tujiulize: je, yeye amewahi kusikilizwa?