Salama ya Mfiwa

Msomaji, bila shaka umepata kuusikia wimbo uitwao "Ni Salama Rohoni Mwangu", uliomo katika kitabu cha Tenzi za Rohoni. Hapa Njoro ni nadra mazishi ya Kikristo kupita usiimbwe. Watu huusifu kwa ajili ya kisa chake. Mimi napenda tuyatazame maneno yake, maana kisa kimeyafunika.

Kisa ni hiki. Horatio Spafford alikuwa mwanasheria wa Chicago, Marekani, na moto mkubwa wa mwaka 1871 ulimtia hasara ya mali. Tarehe 22 Novemba 1873, meli Ville du Havre, iliyowachukua mkewe Anna na binti zao wanne kwenda Ulaya, iligongana na meli nyingine katika Atlantiki ikazama. Watu 226 walikufa, na binti wote wanne miongoni mwao. Anna aliokoka. Wimbo ulitokana na msiba huo, na Philip Bliss akautungia sauti, ukachapwa mwaka 1876. Wahubiri hukomea hapo. Hawaelezi kwamba mwaka 1880 Spafford alimzika na mwanawe mdogo wa kiume.

Katika Kiingereza, mtungaji aliifananisha amani na mto, na huzuni na mawimbi ya bahari. Mifano yote miwili imo katika Isaya 48:18. Mfasiri wetu aliuacha mto akashika "shwari", na mawimbi akayageuza kuwa "shida" tu. Shwari ni neno zuri la mabaharia, walakini kwa badiliko hilo wimbi lililowaua watoto limetoweka katika wimbo wao wenyewe. Na mto nao tunao! Mto Njoro hushuka kutoka Mau hadi Ziwa Nakuru, hujaa masika na kupungua kiangazi. Mtoto wa hapa, asiyepata kuiona bahari, angeielewa upesi amani ya namna hiyo.

Lakini mfasiri huyo huyo ametupatia neno "salama", nalo lina utajiri ambao Kiingereza hakina. Mswahili akiulizwa hali, hujibu kwanza "salama", kisha ndipo hueleza kwamba nyumbani kuna mgonjwa au maiti. Salama ya kwanza si uongo. Ni adabu, na ni kumtumaini Mungu kabla ya kutaja taabu. Wimbo unashika nusu ya kwanza ya desturi hiyo. Nusu ya pili, yaani habari yenyewe ya msiba, haifiki kamwe: meli haitajwi, wala watoto. Hilo naliona kuwa pungufu lake. Zaburi ya 88 haina haya kumlalamikia Mungu, na inakwisha gizani.

Angalia pia shukrani yake iko wapi. Mtungaji hamshukuru Mungu kwa kuzama kwa meli. Furaha yake yote imo katika ubeti wa dhambi zilizowekwa msalabani. Katika msiba anatumaini. Kwa msalaba anashukuru. Wanaoyachanganya mambo hayo mawili ndio wanaomwambia mama aliyefiwa, wimbo ukiimbwa, kwamba machozi yake ni upungufu wa imani, na kwamba yampasa kushukuru kwa kufa kwa mwanawe. Katika wilaya iliyoona watu wakiuawa na nyumba zikichomwa mwaka 1992, na tena mapema mwaka 2008, hata wenye kukimbia wakapiga kambi katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru, maneno kama hayo ni ukatili, na wimbo haukuyasema.

Sauti ya Bliss, kwa maoni yangu, inaufahamu wimbo kuliko wahubiri. Katika kiitikio kundi moja hutangulia kwa neno "salama", na kundi jingine hulirudia nyuma yake. Mfiwa aweza kukaa kimya kabisa karibu na kaburi, na neno hilo likapita juu yake mara mbili, likisemwa na majirani.