Kibi, Ruhinda na Nasaba za Wafalme

Kitabu cha Francis Xavier Lwamgira, Amakuru ga Kiziba na Abakama Bamu, kilichopigwa chapa kwa Kihaya huko Kashozi mwaka 1949, chastahili kusomwa upya na watumishi wa Kanisa. Mwandishi ametuokolea masimulizi ambayo yangezikwa pamoja na wazee. Hata hivyo, twapaswa kumsoma kwa kupima.

Abakama wa Kiziba, Ababito, hujihesabu kutoka kwa Kibi, mwindaji aliyetoka Bunyoro. Jirani zao Abahinda, huko Karagwe na Ihangiro, hujihesabu kutoka kwa Ruhinda, aitwaye mwana wa Wamara. Wamara huyo ndiye Mchwezi ambaye embandwa walimtumikia. Basi nasaba hii si orodha ya majina tu, ni dai. Mtawala mgeni anajifanya mrithi wa nguvu za kale za nchi. Wenyeji je? Uchimbaji wa Peter Schmidt huko Katuruka umeonyesha kwamba chuma kilifuliwa Buhaya yapata miaka 2,000 iliyopita, kabla ya Kibi na Ruhinda. Wafua chuma hao hawana nasaba katika vitabu vya wafalme.

Jambo hili si letu peke yetu. Katika karne ya 9 waandishi Wakristo wa Uingereza hawakumfuta Woden, mungu wa kale, katika nasaba ya wafalme wao. Walimfanya mzee wa ukoo, kisha wakaupandisha ukoo hadi kwa mwana wa Nuhu aliyezaliwa safinani. Mwaka 1861 Speke naye alimwambia Rumanyika, Mukama wa Karagwe, kwamba asili yake ni Mfalme Daudi. Katika pande zote mbili Maandiko yalishonwa kuwa vazi la watawala.

Twaonya, kwa hiyo, dhidi ya mahubiri yanayomfanya Ruhinda kuwa Ibrahimu wa Wahaya. Twaonya vilevile dhidi ya kumtupa kama upuuzi wa kipagani, kwa maana anatufundisha jinsi wanadamu wanavyotafuta haki ya kutawala. Mathayo naye anaanza na nasaba ya kifalme, lakini hawafichi Tamari, Rahabu na Ruthu. Na katika sura ya 3 Yohana anawanyima wasikilizaji wake fahari ya ukoo.

Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, lakini fahari ya ukoo haikufutwa. Huketi hata katika mabaraza ya usharika. Mchungaji amsomaye Lwamgira na aulize: ni nani aliyekuwapo nchini, na hakuandikwa?