Jogoo Aliyewika Laetoli

Nikiwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya msingi huko Kibamba, niliwasomea wanafunzi wa darasa la nne mswada wa hadithi niliouandika kwa ajili ya kozi ya fasihi ya watoto. Nilijiona nimeandika kweli kweli. Hadithi yenyewe inatokea Laetoli, kusini ya Olduvai, miaka kama milioni 3.66 iliyopita. Ilianza hivi: jogoo la kwanza lilipowika, mama alimwamsha mwanawe. Sikumaliza ukurasa. Mtoto mmoja wa karibu na dirisha akauliza, "Mwalimu, kwani kuku walikuwapo?"

Hawakuwapo. Kuku waliletwa Afrika kutoka Asia, tena juzijuzi tu kwa hesabu za zama hizo. Darasa zima likacheka, nami nikacheka, maana ningefanyaje?

Sikusudii hapa kuutetea mswada ule. Ulikuwa mbovu. Ninachotaka kuuliza ni kitu gani hasa kinachotushinda tunapowaandikia watoto hadithi za kabla ya historia. Wengi watajibu upesi: utafiti. Hilo ni nusu ya jibu. Mimi nilikuwa nimesoma. Nilijua kwamba nyayo za Laetoli zilifukuliwa mwaka 1978 na kikundi cha Mary Leakey, kwamba ziliachwa kwenye majivu ya volkano yaliyoloweshwa na mvua, na kwamba hazikukutwa pamoja na zana za mawe wala dalili za moto. Kwa hiyo sikuweka moto, sikuweka kisu. Sasa jogoo aliingiaje?

Aliingia kwa mlango wa lugha. "Jogoo la kwanza" kwetu si ndege, ni saa. Nilipoupekua mswada tena nikakuta na wenzake: mtoto ametulia kama maji mtungini (mtungi! mfinyanzi yuko wapi?), na usiku ni mweusi kama masizi, yaani ule moto niliouzima ukurasa wa kwanza umerudi kwa mlango wa nyuma. Tamathali zetu za semi zimelelewa shambani, jikoni na baharini. Mwandishi anayekwenda Laetoli anazibeba zote bila kujijua, kama mtu aliyehama nyumba akamkuta mende kwenye sanduku la nguo.

Tatizo la pili ni ile fomula yetu ya kufungulia hadithi. "Hapo zamani za kale" ni kapu moja. Ndani yake yumo sungura, yumo mfalme mwenye binti saba, na mtoto akisikia maneno hayo humtumbukiza humo humo Kinjekitile pamoja na fuvu la Olduvai. Kule Kibamba niliulizwa kama yule mama aliishi kabla ya Wajerumani au baada yao. Swali si la kijinga. Fomula haikumpa mtoto ngazi yoyote ya kuhesabia.

Lakini hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema Kiswahili hakifai kwa kazi hii. Tazama jinsi tulivyofundishwa Zinjanthropus. Fuvu liligunduliwa tarehe 17 Julai 1959, fuvu likakadiriwa kuwa na miaka milioni 1.75. Aliyeliona ni Mary Leakey, ingawa wengi wetu tulikariri "Dk. Leakey" tukimfikiria mumewe. Daima ni fuvu, daima ngeli ya LI-YA. Hatukuwahi kusikia kwamba alikula, alichoka, alinyeshewa. Tena tulimkariri kama babu yetu, wakati wataalamu wanamweka kwenye tawi la pembeni lililokauka. Ni binamu, tena wa mbali.

Ukimhamishia kwenye ngeli ya A-WA, mambo yanabadilika. Kiambishi a- hakibagui mke na mume, wala hakibagui mtu na mnyama. "Alipita, akasimama, akageuka." Nani? Hujaambiwa, na sentensi haina kasoro. Mwandishi wa Kiingereza hana raha hiyo. Akifika kwenye kiwakilishi tu lazima aamue. Na wanaochonga sanamu wanaamua zaidi: pale American Museum of Natural History, New York, wapita njia wa Laetoli wamefanywa mume na mke, mume kamwekea mke mkono begani. Ni pazuri kutazama, lakini majivu hayasemi hivyo. Yanasema tu kwamba kwenye njia ya 1978 walipita watatu, mmoja wao akikanyaga ndani ya nyayo za aliyetangulia. Nyayo nyingine zilitangazwa mwaka 2016 na timu aliyokuwamo Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hizo nazo hazikumtaja mume wala mke. Kiswahili kinaweza kusema kile tu kinachojulikana, na bado kikawa hadithi.

Kinachobaki kigumu ni mazungumzo. Watoto wanapenda wahusika waongee, na viumbe wa Laetoli hatuna sababu ya kuwapa maneno kama yetu. William Golding, katika The Inheritors (1955), aliwafanya watu wake waone bila kuelewa: mshale kwao ni kijiti kilichojitokeza mtini. Lakini hicho si kitabu cha watoto. Michelle Paver aliyewaandikia watoto Wolf Brother (2004) alikwepa shida kwa kukaa miaka 6,000 tu nyuma, Ulaya ya Kaskazini, kwa watu kama sisi. Sisi nasi tuna mahali pa kukwepea: michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kule Kolo kuna watu watano wembamba, wa katikati kashikwa mikono huku na huku. Mary Leakey aliona utekaji. Wengine wanaona ngoma au ibada. Hapo mgogoro upo tayari, na waliochora walikuwa na lugha.

Njia moja tu naikataa kabisa, nayo ni kuwachukua Wahadzabe wa Eyasi, kuwavisha ngozi na kuwaita zama za mawe. Wahadzabe ni raia wa leo. Mtoto wao naye atakisoma kitabu hicho.

Siku ile mvua ya masika ilikuwa imekatika. Wakati wa mapumziko watoto walitoka nje kwenye tope, nami nikasimama mlangoni na mswada wangu. Mdogo mmoja alikuwa akirukaruka, akiweka mguu ndani ya unyayo wa kaka yake ili asichafue viatu. Hakusema kitu wala hakuulizwa kitu.

Sasa mswada una kurasa tisa. Jogoo katoka, mtungi umetoka, mazungumzo yote yametoka. Mhadhiri wangu anasema hiyo si hadithi kwa sababu haina mgogoro. Namheshimu, lakini mvua inanyesha, mlima unatema majivu, na mdogo anabaki nyuma. Sijui anataka mgogoro gani tena. Wanafunzi wa Kibamba walinidai jina la huyo mdogo. Sijampa.