Mrtva priroda: Wimbo Unapomhukumu Mwimbaji

Albamu nyingi za roki nzito nazisikiliza kwa ajili ya gitaa. Chache nazisoma kama diwani, na Mrtva priroda ya Riblja Čorba ni mojawapo. Bendi hii ilianzishwa Belgrade mwaka 1978. Albamu ikatoka 1981, mwaka mmoja baada ya kifo cha Tito. Kwa wachoraji, jina hilo ni picha ya matunda na vyombo mezani. Neno kwa neno ni "asili iliyokufa". Bora Đorđević, mwimbaji na mshairi wa bendi, alijua anachofanya.

Magitaa ya Rajko Kojić na Momčilo Bajagić yanakwaruza haswa, ila kinachokushika ni sauti ya Bora, kavu, ya mtu asiyetaka kumfurahisha yeyote. Sisifii kila kitu. Wanawake humu wanasemwa vibaya mno; upo hata wimbo unaotuonya tusimwamini mwanamke avutaye sigara za Drina zisizo na kichungi. Kicheko kipo, lakini ni cha kijiweni.

Moyo wa albamu ni "Na zapadu ništa novo". Jina kalikopa kwa Erich Maria Remarque, kwenye ile riwaya ya vita ambayo Wanazi waliichoma moto. Wimbo unawabeza wanaofia itikadi. Sasa fikiria: Yugoslavia ilijijenga juu ya kumbukumbu ya wapiganaji wa msituni. Mwaka 1982 wapiganaji wa zamani walikuja juu, wakataka wimbo upigwe marufuku.

Hapo ningemtetea Bora bila kusita. Tatizo ni yaliyofuata. Miaka ya 1990, nchi ilipopasuka kwa vita, mshairi huyohuyo alisimama wazi na uzalendo mkali wa Kiserbia, ingawa alimpinga Slobodan Milošević. Aliyewacheka wanaokufa kwa ajili ya bendera akawa na bendera yake.

Wapo wanaosema basi wimbo ulikuwa uongo. Mimi nasema hapana. Shairi likishatoka halimtii tena mtunzi. Leo linamkejeli yeye kuliko wale wazee waliomlalamikia. Bora alifariki 2024, na wimbo bado unauma.

Usikilizeni, kisha mniambie: mnaweza kuutenga na mwenyewe?